Miji Mikuu ya Majimbo ya Marekani: Jinsi Ilivyochaguliwa na Jinsi Ilivyopata Majina

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za miji mikuu ya majimbo ya Marekani. Nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika kitabu, chukueni ramani ya nchi ile, ikiwa iko karibu, mtufuate kwa kidole kutoka mji hata mji.

Na tuanze na swali. Mji mkuu wa jimbo la New York ni upi? Mtu akiulizwa hivyo, aghalabu hujibu mara moja kuwa ni New York. Jibu hilo si sahihi. Mji wa New York una watu zaidi ya milioni 8, nao ni mkubwa kuliko miji yote ya Marekani. Walakini baraza la jimbo halikutani humo. Mji mkuu ni Albany, wenye watu 100,000 hivi, nao uko mbali upande wa kaskazini kando ya mto Hudson. Vivyo hivyo mji mkuu wa Illinois si Chicago, bali ni Springfield. Wa California si Los Angeles, bali ni Sacramento. Wa Pennsylvania si Philadelphia, bali ni Harrisburg. Marekani ina majimbo 50, na katika majimbo zaidi ya 30 mji mkuu sio mji mkubwa kupita yote ya jimbo.

Jambo hili halikutokea kwa bahati tu. Lina sababu zake, na sababu hizo ndizo tutakazozieleza.

Kwanza hatuna budi kueleza maana ya jimbo katika nchi ile. Jimbo la Marekani si kama wilaya ipokeayo amri kutoka juu na kuzitimiza. Kila jimbo lina katiba yake, Gavana wake aliyechaguliwa na watu, baraza lake la kutunga sheria, na mahakama zake. Mambo mengi yamgusayo raia kila siku, kama vile shule, barabara na hati za ardhi, huamuliwa na jimbo wala si na Serikali Kuu iliyoko Washington. Basi mji mkuu wa jimbo ndipo mahali sheria hizo zinapotungwa. Aliye karibu nao husikiwa upesi. Aliye mbali huenda asisikiwe kabisa. Ndiyo maana watu walishindana kwa ajili ya miji hiyo, wakafanyiana hila, na mara moja hata mzinga ukafyatuliwa.

MAHALI PA KATIKATI

Katika miaka ya 1700 na kitu hapakuwa na reli wala simu. Mjumbe wa baraza alipanda farasi wake, akaenda siku nyingi katika njia za matope, akivuka mito kwa mashua. Miji mikubwa ya siku zile ilikuwa pwani, kwa kuwa watu na bidhaa walitoka ng'ambo kwa merikebu. Kwa hiyo wafanyabiashara wa pwani walikuwa na serikali mlangoni pao, lakini wakulima waliohamia bara walikuwa nayo mbali. Wakanung'unika kwamba wao hulipa kodi kama wenzao wa pwani, lakini mmoja wao akitaka kuleta mashtaka au kuandikisha shamba lake, hana budi kuacha kazi yake na kusafiri siku nyingi. Wahenga wetu walisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Wakulima wale hawakuijua methali hiyo, lakini maana yake waliijua sana.

Katika South Carolina serikali ilikaa Charleston, mji wa bandari wa matajiri wenye mashamba makubwa ya mpunga yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 1786 baraza lilikata shauri kujenga mji mpya katikati ya jimbo, ukaitwa Columbia kwa heshima ya Columbus. Jirani zao wa North Carolina walikuwa na taabu nyingine: baraza lao lilikuwa likihamahama kama wachungaji, safari hii mji huu, safari nyingine mji ule. Mwaka 1788 wajumbe walipatana kwamba mji mkuu uwe mahali popote palipo ndani ya maili 10 kutoka shamba la mtu mmoja jina lake Isaac Hunter, aliyekuwa na nyumba ya wageni kando ya njia. Mwaka 1792 wakanunua eka 1,000 za Bwana Joel Lane, wakapima njia na viwanja, wakauita mji huo Raleigh. Sir Walter Raleigh ndiye Mwingereza aliyejaribu kupeleka walowezi pwani ile katika miaka ya 1580. Huko Pennsylvania nako serikali iliondoka Philadelphia mwaka 1799 ikaenda Lancaster, na mwaka 1812 ikasogea tena bara mpaka Harrisburg.

Habari za Florida zapendeza zaidi. Nchi hiyo ilikuwa mali ya Wahispania, ikaingia mikononi mwa Marekani mwaka 1821. Ilikuwa na miji miwili tu ya maana: Pensacola upande wa magharibi, na St. Augustine upande wa mashariki. Na kati yake palikuwa na misitu na mabwawa, mwendo wa karibu maili 400. Mwaka 1822 baraza lilikutana Pensacola, na wajumbe wa mashariki wakapata mashaka makubwa ya safari. Mwaka 1823 likakutana St. Augustine, ikawa zamu ya wa magharibi kutaabika. Ndipo Gavana William DuVal alipochagua watu wawili, mmoja kutoka kila mji, waende wakakutane katikati na kutafuta mahali. Mmoja alikwenda kwa farasi na mwenziwe kwa mashua, na mahali walipopachagua ndipo Tallahassee. Baraza likakutana hapo mwaka 1824 katika nyumba ya magogo.

Lakini msomaji asidhani kwamba mahali hapo palikuwa pori lisilo na mwenyewe. Palikuwa na vijiji vya Waseminole karibu, na chifu wao Neamathla hakufurahi kuwaona wageni wale. Mwaka ule ule wa 1823 Waseminole walitiishwa kwa mkataba, wakatakiwa wahamie kusini. Jambo hilo tutalirudia, maana latokea tena na tena katika habari hizi.

Sababu nyingine ya kuhamia bara ilikuwa hofu ya vita. Jimbo la New York lilianza serikali yake Kingston mwaka 1777, na mwaka ule ule askari wa Uingereza wakauteketeza mji huo kwa moto. Virginia ilikuwa na mji mkuu wake Williamsburg, karibu na bahari. Thomas Jefferson alishauri serikali ihamie Richmond, mbali na merikebu za adui na karibu zaidi na katikati ya nchi, na mwaka 1780 ikahama. Lakini Januari 1781, kabla hata mwaka haujatimia, jeshi la Waingereza likaupanda mto James, likaingia Richmond na kuchoma majengo mengi. Ijapokuwa hivyo, watu wa Virginia hawakurudi pwani. Richmond ndio mji mkuu wao hata leo.

MIJI ILIYOZALIWA PORINI

Wamarekani walipozidi kwenda magharibi, walipata desturi ya kuchagua mahali pa mji mkuu kabla hapajawa na mji. Mfano mwema ni Indianapolis. Indiana ilipata kuwa jimbo mwaka 1816, na serikali yake ikakaa Corydon, kusini kabisa. Kongresi ikatoa eka 2,560 za ardhi kwa ajili ya mji mkuu mpya. Ardhi ya katikati ya jimbo ilikuwa imetoka kwa kabila la Delaware kwa mkataba wa mwaka 1818. Mwaka 1820 wajumbe waliotumwa wakachagua mahali kando ya mto White. Mwaka uliofuata baraza likatunga jina: Indiana, na neno la Kiyunani "polis", maana yake mji.

Kazi ya kupima njia akapewa Alexander Ralston, ambaye zamani alisaidia kuupima mji wa Washington. Akachora mraba wa maili moja kila upande, na katikati yake duara, na njia nne zikatoka pembe kwa pembe. Karibu mji mzima ulikuwa miti na visiki. Mwishoni mwa mwaka 1824 mtunza hazina alipakia fedha na hati za serikali katika magari ya kukokotwa na farasi, akazitoa Corydon. Safari ikachukua zaidi ya juma moja, na mara nyingine walilazimika kufyeka njia.

Wachaguzi wale walifanya kosa moja kubwa. Walidhani meli za moshi zitaupanda mto mpaka mjini, kumbe mto ulikuwa na maji haba na mchanga mwingi. Miaka zaidi ya 20 mji ulidumaa. Kilichouokoa ni reli, iliyofika mwaka 1847. Na kwa kuwa mji ulikuwa katikati, reli nyingi zilikutana hapo. Basi ule ukatikati ambao haukufaa kwa mto ukafaa kwa reli, na leo Indianapolis ndio mji mkubwa kupita yote ya jimbo lake.

Missouri nayo iliandika katika katiba yake ya mwaka 1820 kwamba mji mkuu uwe kando ya mto Missouri, si zaidi ya maili 40 kutoka mahali mto Osage unapoingia. Hivyo ndivyo Jefferson City ulivyopatikana. Huko Ohio, watu wanne wenye ardhi mkabala wa kijiji cha Franklinton walijitolea kutoa viwanja na kujenga nyumba ya baraza na gereza, ilimradi mji mkuu uwekwe kwao. Baraza likakubali mwaka 1812, ukazaliwa mji wa Columbus. Hapo twaanza kuona jambo la pili, nalo ni faida.

FAIDA NA HILA

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mahali palipotangazwa kuwa mji mkuu, bei ya ardhi ilipanda siku ile ile. Mtu aliyenunua msitu kwa senti chache aliweza kuuza viwanja kwa dola nyingi. Kwa hiyo wengi waliovuta ngoma ya mji mkuu walikuwa wakivuta fedha.

Mtu aliyelijua jambo hili barabara alikuwa James Doty wa Wisconsin. Alinunua, pamoja na wenzake, ardhi iliyo katika shingo nyembamba ya nchi kati ya maziwa mawili. Hapakuwa na nyumba pale. Mwaka 1836 baraza la kwanza la Wisconsin lilikutana katika kijiji cha Belmont, katika nyumba ya mbao iliyoingiza baridi kali. Doty akafika na ramani nzuri ya mji ambao haukuwako duniani, ila katika karatasi. Mji wenyewe aliuita Madison, kwa heshima ya James Madison, Rais wa zamani aliyefariki mwaka ule ule; na njia zake akazipa majina ya watu 39 waliotia sahihi Katiba ya Marekani. Nani angethubutu kuyapinga majina hayo? Kisha akaagiza ngozi za nyati, akawagawia wajumbe waliokuwa wakitetemeka kwa baridi. Wajumbe kadha wa kadha wakapata na viwanja pia. Kura zilipohesabiwa, mji wa karatasi ulikuwa umeishinda miji yenye watu.

Twaweza kucheka, lakini tutazame na upande wa pili. Ngozi na viwanja vilipewa watu waliotumwa na wenzao kwenda kuamua kwa haki. Leo Madison ni mji mzuri wenye chuo kikuu mashuhuri. Lakini uzuri wa mti hauwi ushahidi kwamba mbegu ilipatikana kwa njia njema.

Illinois ilihama mara mbili. Mji wake wa kwanza ulikuwa Kaskaskia, kando ya mto Mississippi. Mwaka 1820 serikali ikahamia Vandalia. Mwaka 1837 ukaja mashindano mapya. Wajumbe tisa wa wilaya ya Sangamon, wote warefu wa kimo hata wakaitwa "Tisa Warefu", walijipatanisha kuuvutia mji mkuu kwao Springfield. Mmoja wao alikuwa wakili kijana aitwaye Abraham Lincoln. Walisaidia wajumbe wengine katika mambo ya barabara na reli walizozitaka, nao wakasaidiwa katika kura ya mji mkuu. Serikali ikahamia Springfield mwaka 1839. Lincoln alikaa humo mpaka alipokwenda Washington kuwa Rais mwaka 1861, na baada ya kuuawa mwaka 1865 alizikwa humo. Ama Kaskaskia, mwaka 1881 mto Mississippi ulibadili njia yake, ukaumeza sehemu kubwa ya mji ule wa kale.

Jina la Lincoln huyo lilitumiwa kwa hila katika Nebraska. Mwaka 1867, Nebraska ilipopata kuwa jimbo, watu wa kusini ya mto Platte walitaka kuuondoa mji mkuu Omaha na kuupeleka kwao. Wengi wao walikuwa hawampendi Lincoln, kwa sababu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mioyo yao ilikuwa pamoja na majimbo ya kusini. Mjumbe mmoja wa upande wa Omaha akapata shauri. Alitoa pendekezo kwamba mji mpya uitwe Lincoln, akitumaini kwamba kwa kulichukia jina hilo wapinzani wake wataukataa mswada wao wenyewe. Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Watu wa kusini walilimeza jina chungu, wakapiga kura ya ndiyo, na kijiji kidogo cha Lancaster kikawa mji mkuu uitwao Lincoln.

MZINGA WA BIBI EBERLY

Kupata mji mkuu ni jambo moja, kuushika ni jambo jingine. Texas ilikuwa nchi ya peke yake tangu mwaka 1836 mpaka ilipojiunga na Marekani mwaka 1845. Mwaka 1839 Rais wake Mirabeau Lamar aliuweka mji mkuu mahali pa kijiji cha Waterloo, akauita Austin, kwa heshima ya Stephen Austin aliyewaleta walowezi katika nchi ile. Rais aliyemfuata, Sam Houston, hakupapenda. Mwaka 1842 majeshi ya Mexico yaliingia Texas mara mbili na kuuteka mji wa San Antonio. Houston akasema Austin uko hatarini, akaihamisha serikali. Lakini hati za ardhi na za serikali zilibaki Austin, na wenyeji wakakataa kuzitoa, kwa maana walijua kwamba hati zikiondoka, mji wao umekwisha.

Tarehe 30 Desemba mwaka 1842, watu waliotumwa na Houston waliingia mjini na magari, wakaanza kupakia hati. Bibi mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni, Angelina Eberly, akawaona. Palikuwa na mzinga mjini uliowekwa tayari kwa hatari. Bibi yule akauelekeza kwenye jengo la hati, akaufyatua. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini mji wote uliamka. Wenyeji wakayafuata magari, wakayapata siku ya pili, wakazirudisha hati. Mwaka 1850, na tena mwaka 1872, watu wa Texas walipiga kura na kuuchagua Austin. Sanamu ya Bibi Eberly na mzinga wake imesimama katika njia kuu ya mji ule.

Katika Minnesota mji uliokolewa bila kelele. Mwaka 1857 baraza lilipitisha mswada wa kuihamisha serikali kutoka St. Paul kwenda St. Peter. Mswada huo ulikabidhiwa kamati iliyosimamiwa na Joe Rolette, mfanyabiashara wa manyoya. Rolette akautia mfukoni, akatoweka. Wenziwe wakamngoja siku kadha, usiku na mchana, naye amejificha mumo humo mjini. Muda wa baraza ulipokwisha akatokea, na mji mkuu ukabaki St. Paul.

Oklahoma ilileta swali kubwa zaidi. Jimbo hilo liliingia katika Marekani mwaka 1907 kwa sharti la Kongresi kwamba mji mkuu ukae Guthrie mpaka mwaka 1913. Lakini tarehe 11 Juni mwaka 1910 watu walipiga kura kuupeleka Oklahoma City, na Gavana Charles Haskell hakungoja. Mara ile muhuri wa jimbo ukatolewa Guthrie. Shauri likafika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1911 majaji walihukumu kwamba kila jimbo likiisha kuingia ni sawa na majimbo mengine, na Kongresi haina ruhusa kulichagulia mahali pa mji wake mkuu. Hukumu hiyo ni kubwa kuliko ugomvi wa miji miwili.

HABARI ZA MAJINA

Sasa tuyatazame majina. Yako yaliyotoka kwa watawala wa Uingereza. Albany ulianzishwa na Waholanzi mwaka 1624, lakini Waingereza walipouteka mwaka 1664 wakaupa jina la mtawala wao aliyeitwa James, mwenye cheo cha York na Albany, ambaye baadaye alikuwa Mfalme James wa Pili. Annapolis, mji mkuu wa Maryland, ni mji wa Anne, binti wa kifalme aliyekuwa Malkia mwaka 1702. Miji minne ina majina ya Marais: Jefferson City, Madison, Jackson na Lincoln. Na mmoja una jina la mtawala wa nchi ya mbali: Bismarck, wa North Dakota, uliitwa hivyo mwaka 1873 kwa jina la Waziri Mkuu wa Ujerumani, kwa sababu wenye reli walitaka kuvuta fedha na wahamiaji Wajerumani.

Yako majina ya dini. Santa Fe, uliojengwa na Wahispania karibu mwaka 1610, maana yake ni Imani Takatifu, nao ni wa kale kuliko miji mikuu yote ya majimbo. Providence, wa Rhode Island, ulipewa jina na Roger Williams mwaka 1636, alipofukuzwa Massachusetts kwa ajili ya mawazo yake, kwa kumshukuru Mungu aliyemwongoza. St. Paul ulipata jina kwa kanisa dogo lililojengwa mwaka 1841. Kabla ya hapo mahali pale paliitwa Jicho la Nguruwe, kwa jina la utani la mwuza pombe mmoja. Na Salem, wa Oregon, ni jina litokalo katika Biblia, maana yake amani. Sisi wasemaji wa Kiswahili jina hilo si geni kwetu: neno hilo la Kiebrania na neno la Kiarabu "salaam" ni ndugu wa mzizi mmoja, nasi tunalo katika "salama" na "salamu", na katika jina la mji wa Dar es Salaam.

Mengine yalitokana na mambo yaliyoonekana kwa macho. Baton Rouge ni Kifaransa, Fimbo Nyekundu: mwaka 1699 Wafaransa waliopanda mto Mississippi waliona mti uliopakwa damu, nao ulikuwa alama ya mpaka wa mawindo ya makabila mawili.

Mwisho yako majina ya wenyeji wa asili, nayo ndiyo yatupasayo kuyafikiri sana. Tallahassee, kwa lugha ya Wamuskogee, maana yake ni mji wa kale. Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, ni jina la kabila. Honolulu, kwa Kihawaii, ni bandari tulivu. Angalieni sasa habari za Wachoctaw. Mwaka 1820 Jenerali Andrew Jackson alifanya nao mkataba, wakatoa nchi kubwa katika Mississippi. Na katika nchi hiyo ukajengwa mji mkuu, ukaitwa Jackson. Yeye mwenyewe alipokuwa Rais, mwaka 1830, alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji magharibi, na Wachoctaw wengi walikufa njiani kwa baridi na maradhi. Waliosalia walifika nchi mpya. Mwaka 1866 chifu wao mmoja, Allen Wright, alitoa jina kwa nchi hiyo kutoka lugha yake: "okla", watu, na "humma", wekundu. Hivyo mji mmoja mkuu una jina la mtu aliyewaondoa, na mji mwingine una neno la lugha yao wenyewe. Mwenye kusoma ramani bila kujua habari hizi huona nukta mbili tu.

HATA LEO

Ugomvi haukwisha. Juneau, mji mkuu wa Alaska, uko kati ya milima na bahari, wala hapana barabara iuunganishayo na sehemu nyingine za jimbo. Huwafika watu kwa meli au kwa ndege. Mwaka 1880 chifu Kowee wa Watlingit aliwaongoza watafutaji wawili, Joe Juneau na Richard Harris, mpaka palipo na dhahabu. Na mji ukachukua jina la Juneau, si la aliyewaonyesha. Mwaka 1974 watu wa Alaska walipiga kura kuuhamisha mji mkuu, na mwaka 1976 wakachagua mahali paitwapo Willow. Lakini mwaka 1982, walipoulizwa kama wako radhi kulipa gharama, wakakataa.

Je, shauri la kuiweka serikali mbali na miji mikubwa lilikuwa jema? Waliolianzisha walitaka haki: mkulima wa mbali apate njia sawa na tajiri wa bandarini. Tena waliogopa serikali isije ikamezwa na wenye fedha. Lakini mwaka 2014 wataalamu wawili, Filipe Campante na Quoc-Anh Do, walitoa utafiti wao, nao walionyesha kwamba majimbo ambayo mji mkuu uko mbali na watu walio wengi huelekea kuwa na rushwa zaidi, na magazeti yake huandika habari chache zaidi za mambo ya serikali. Mahali penye macho machache, mikono hupata ujasiri.

Basi twaona kwamba umbali una pande mbili. Zamani mkulima aliposema mji mkuu uko mbali, alikuwa akihesabu maili. Leo zipo reli, motokaa na simu, na maili si taabu kama zamani. Umbali uliobaki ni ule wa raia asiyeuliza wala kusoma mambo yanayotendwa kwa jina lake. Kuuhamisha mji ili uwe katikati kwaweza kufanywa kwa kura moja. Kuwaweka watu karibu na serikali yao ni kazi ya kila siku.

Wasikilizaji wetu, hapa ndipo tunapokoma. Kwaherini.